Marehemu Anataka Pampu Yake

Ulipokunja gazeti Jumamosi iliyopita, msomaji, Hasna alikuwa amesimama mbele ya dirisha la famasi mjini Kigoma, kadi ya punguzo mkononi, kuponi ameibana kwa kidole gumba isipeperuke na feni. Mwuza dawa, Erasto, aliangalia kompyuta yake, akaangalia tena, akavua miwani. Kisha akasema:

"Pole sana, dada. Mwenye kadi hii amefariki."

Hasna hakulia. Alicheka.

"Amefariki nani?"

"Mwanakombo binti Abdulatif, wa Ujiji. Si mama yako?"

"Ndiye mama yangu. Asubuhi hii nimemwacha ukumbini anagombana na kuku."

Erasto hakucheka. Aliigeuza kompyuta taratibu mpaka kioo kikamtazama Hasna. Chini ya jina la mama yake kulikuwa na mstari mwekundu: MGONJWA AMEFARIKI. KADI IMEFUNGWA.

Nyuma yake foleni ilinyoosha shingo. Jamaa mmoja mwenye kofia ya mpira akadakia, "Kaka, kama hiyo mashine inajua waliokufa, hebu niangalizie mama mkwe wangu."

Watu wakaangua kicheko. Hasna akageuka. Kicheko kikafa.

"Kaka Erasto," alisema, sauti ameishusha, "mama yangu ana pumu. Unamjua. Kila mwezi nachukua hapa pampu ya kijani. Hii ya sasa imeisha. Kile kijidirisha cha nyuma kinachohesabu dozi kimeshafika kwenye nyekundu. Nipe pampu, hayo ya kufa tutayazungumza baadaye."

"Nikupe kwa bei gani?"

Hapo ndipo penye mwiba. Bei kamili ya pampu ya kijani ilikuwa bei ya kuuzia kitanda, na kitanda cha Mwanakombo kilishauzwa mara ya mwisho alipolazwa. Hasna alikuwa na nusu. Nusu ya pili ilikuwa ndani ya ile kuponi. Watengenezaji wa dawa wenyewe ndio walioitoa, karatasi ndogo yenye picha ya mapafu yanayotabasamu, na sasa kompyuta ya watengenezaji hao hao ilikuwa inasema mapafu ya Mwanakombo yako chini ya udongo.

"Hospitali si wanamjua?" Erasto aliuliza kwa upole.

"Hospitali watamwekea mashine ya mvuke, atapumua, watamrudisha. Daktari ametuambia waziwazi: asipovuta pampu ya kijani kila siku atakuwa anarudi na kurudi, mpaka siku ambayo hatafika."

Erasto akavaa miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufuata mashine, na mashine haina shangazi.

"Sikiliza. Watu wa kampuni ya dawa wanafunga simu leo saa saba mchana mpaka Jumatatu. Kabla ya hapo niletee watu wawili hapa dirishani. Wa kwanza, mama mwenyewe, na kitambulisho chake cha taifa. Wa pili, yule aliyetoa taarifa ya kifo, aifute kwa mdomo wake."

"Aliyetoa taarifa ni nani?"

"Wameandika, jamaa wa karibu. Namba yake hii hapa."

Hasna alianza kuiandika kwenye simu yake. Kabla hajamaliza, simu ikamletea jina lenyewe. Namba ilikuwemo humo siku zote.

Babu Mwinshehe.

*

Kaka yake, Iddi, alikuwa nje amekaa kwenye bajaji yake akila mhogo wa kuchoma. Iddi alikuwa na magonjwa mawili, hasira na ushairi, na mara nyingi yalimpata pamoja. Nyuma ya bajaji yake hakubandika picha ya mwanasoka kama wenzake. Alibandika beti zake mwenyewe, na ole wake abiria aliyekosoa vina.

Hasna alimweleza. Iddi akautupa mhogo.

"Mwinshehe? Mzee wa swala tano? Mshona kofia?"

"Huyo huyo."

"Namng'oa ndevu."

"Utaendesha kwanza."

Bajaji ikaruka kuelekea Ujiji. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Huko juu kuelekea Kalinzi mashamba yalikuwa yanachomwa, na moshi ulikuwa umeshuka ukatandaza mkeka juu ya ziwa. Milima ya Kongo ilikuwa imefutika. Maji yenyewe yalionekana kipande, kama sufuria lililofunikwa vibaya. Kwa mtu mzima ni macho kuwasha tu. Kwa mwenye pumu, siku kama hiyo ni mtu amekukalia kifuani na hataki kuinuka.

Iddi aliliona hilo na hasira zikampanda kichwani, ushairi nyuma yake. Akaanza kunguruma juu ya injini:

"Bei wameipandisha, hadi shingo ya milima,
Kisha wakatuonyesha, kuponi kama huruma,
Pumzi wakakodisha, kwa watoto na kwa mama,
Leo wamzika hai, na kaburi ni kompyuta!"

"Utatunga baadaye!" Hasna alipiga kelele. "Kanyaga mafuta!"

"Nakanyaga na kutunga. Ni miguu na mdomo, havigombani."

Hasna hakumsikia tena. Alikuwa anawaza, na alichokiwaza kilimtia baridi katikati ya joto lile. Maana kulikuwa na jambo kuhusu kadi ile ambalo Erasto hakulijua, na halikutakiwa alijue.

Kadi ilitoa kuponi tatu kwa mwezi, kwa kuwa wapo wagonjwa mahututi wanaomaliza pampu tatu. Mwanakombo alimaliza moja. Zile mbili zilizobaki alikuwa anazigawa.

Ya kwanza alimpa Asia, shoga yake tangu utoto, mke wa Mzee Mwinshehe. Asia naye alikuwa na pumu, ila kitambulisho chake cha taifa kilikuwa kinasemekana kiko njiani, na njia hiyo ilikuwa haina mwisho. Ya pili alimpa Fébronie wa Katubuka, ambaye aliingia nchini akiwa mgongoni mwa mama yake wakikimbia vita Burundi, na karatasi zake hazijakamilika mpaka leo. Pampu hiyo haikuwa ya Fébronie. Ilikuwa ya binti yake, Ella, mtoto wa miaka sita mwenye kifua kinachopiga filimbi.

Wanawake hao watatu waliicheza kadi kama upatu. Wiki hii iko kwangu, wiki ijayo iko kwako, na mwenye zamu ndiye anayekwenda na kadi dirishani, akisema ametumwa na Mwanakombo. Ujiji upatu unachezwa wa vyombo, wa vitenge, wa mchele. Wao wakacheza wa pumzi. Hakuna aliyeona kosa lolote.

Kisha Asia akafariki, kadi ikiwa kwenye zamu yake.

*

Mzee Mwinshehe alikuwa barazani kwake, kofia nusu imeshonwa magotini, sindano mdomoni. Alipowaona akatabasamu.

"Shikamoo, babu," alisema Hasna.

"Marahaba, mwanangu."

Iddi hakuamkia. Alisimama na mikono kiunoni. Mzee akasubiri salamu yake. Salamu haikuja, na sindano ikatoka mdomoni.

"Iddi, umekula nini leo kilichokula adabu yako?"

"Babu, umemuua mama yangu."

"Astaghfirullah! Mwanakombo kafariki?"

"Wewe ndiye uliyesema kafariki! Umewapigia simu watu wa dawa ukawaambia! Ulitaka nini? Kadi? Kuponi? Mkeo hayupo, sasa pampu unataka uvute wewe?"

"Iddi!" Hasna alimshika mkono. "Babu, tueleze tu. Ulipiga simu kwenye namba ya nyuma ya kadi?"

"Nilipiga," alisema mzee, bila hata kusita. "Na nashukuru nilipiga."

Iddi aliinua ngumi. Hasna akaning'inia kwenye mkono ule kwa uzito wake wote.

"Mwache aseme!"

Mzee Mwinshehe aliiweka kofia pembeni. "Siku ya maziko ya Asia mlikuwepo wote. Nilisimama, nikasema: mwenye amana yake kwa marehemu, mwenye haki yake, ajitokeze, tumpe, mwenzetu alale. Watu wakajitokeza. Huyu sufuria, yule ungo, mwingine mkeka. Vyote nikarudisha. Nikasema basi, Asia amekuwa mwepesi. Baada ya arubaini nafungua mkoba wake, nakuta kadi, na risiti chungu nzima. Nikazisoma. Kila risiti imeandikwa: Kampuni imekulipia nusu ya bei. Mwezi huu imekulipia. Mwezi ule imekulipia. Nikasema, Asia, ni nani hawa wanaokulipia nusu ya dawa miaka yote hii na mimi mumeo siwajui?"

"Ni punguzo, babu," alisema Hasna kwa sauti ndogo.

"Nani anayempunguzia mtu asiyemjua, mwezi baada ya mwezi, asitake kitu? Nikajua hiyo ni haki ya watu, na mke wangu amelala nayo shingoni. Nikapiga. Akapokea binti, sauti tamu kama ya msoma taarifa. Nikamwambia: mwenye kadi hii amefariki, mliyomlipia tunaomba mumsamehe. Akaniambia, pole sana mzee, hatudai chochote, tunaifunga kadi. Nilisujudu palepale. Usiku huo ndio nilipata usingizi tangu nimzike."

"Na kadi yenyewe, babu?"

"Si nilimletea mama yako Ijumaa? Ile ni amana, ina jina lake. Nikamwambia, kwa upande wa Asia mambo yote yamekwisha."

Ngumi ya Iddi ilikuwa bado juu, haijui pa kushukia. Alikuwa amekuja kumpiga mwizi, na mwizi hayupo. Yupo mzee aliyefiwa, aliyetaka mkewe alale.

"Babu," Iddi alisema, akaushusha mkono, "kadi ina jina la mama. Ulivyosema mwenye kadi, wamemwandika mama. Umemzika kwa simu. Sasa hawampi dawa."

Mzee aliinuka. Kofia ikaanguka, akaikanyaga bila kujua.

"Nipelekeni," alisema. "Nilikosea kwa mdomo huu, nitarekebisha kwa mdomo huu."

Hasna angepaswa kufurahi. Hakufurahi. Alihisi kuna jambo wamelisahau.

*

Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameinama mbele, mikono miwili imeushika mguu wa meza kana kwamba nyumba inakwenda mrama. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Fébronie alikuwa nyuma yake akimpapasa mgongo, na Ella amekaa mlangoni na chupa yake.

Chupa hiyo ilikuwa ya maji ya kunywa, ya plastiki. Fébronie alikuwa ameitoboa kitako, akachomeka humo mdomo wa pampu ndogo ya bluu, ile ya kutuliza. Mtoto hawezi kuvuta pampu kavu. Inabidi dawa ijae kwanza kwenye chupa, halafu anyonye hewa taratibu. Ella aliibeba chupa hiyo kila mahali kama wenzake wanavyobeba mdoli.

"Mama," Hasna alisema, "wameandika umekufa."

Mwanakombo aliinua uso. Hata katika hali ile jicho lake lilikuwa la yule yule mwanamke aliyekuwa akiwatoa jasho wanaume mnadani kwa maneno.

"Nimekufa... lini? Mbona... hamkunipikia... hata pilau?"

Iddi alicheka huku machozi yanamtoka. Hasna akaeleza yote kwa haraka: simu, mstari mwekundu, saa saba. Mzee Mwinshehe alisimama kizingitini, amevua kofia, hathubutu kuingia.

"Mwanakombo, nisamehe."

"Umenitangulizia... tu, shemeji. Ingia."

"Inuka, mama," alisema Iddi. "Bajaji ipo nje."

Mwanakombo akatikisa kichwa.

"Siendi."

"Unasemaje?"

Alivuta hewa kwanza, ikaingia na sauti kama kamba inayopita kwenye kapi. "Mwinshehe akifika pale... wataanza kumwuliza. Aliyekufa ni nani? Atasema Asia. Asia alikuwa... na kadi ya nani? Ya Mwanakombo. Watajua. Watafunga... moja kwa moja. Ella atavuta nini?"

Hilo ndilo jambo ambalo Hasna alihisi wamelisahau.

Fébronie alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyezoea kukaa karibu na mlango kwenye nyumba za watu. Leo alisimama katikati.

"Mama Hasna, twende. Mimi nitasema niliiiba ile kadi. Nitasema sikuwa na ruhusa."

"Uliiba nini? Nilikupa... kwa mkono wangu."

"Ego, ndiyo, ulinipa. Leo nakurudishia."

"Nikishatoa... sirudishiwi. Kaa chini."

"Na ukifa?" Hasna alipayuka. "Umekaa hapo unagawa pumzi usizokuwa nazo! Ukifa kweli, kadi si itafungwa vilevile? Ella si atakosa vilevile?"

Mwanakombo alimtazama binti yake. Iddi hakusubiri. Alimbeba mama yake kama gunia la dagaa, akampakia. Fébronie na Ella wakajibana pembeni, mzee akakaa mbele na Iddi kwenye ukingo wa kiti.

Njiani Hasna aliinama sikioni kwa Mzee Mwinshehe.

"Babu, nakuomba. Wakikuuliza, sema ulikosea namba. Sema ulichanganya kadi. Usimtaje bibi Asia."

Mzee hakugeuka. Vumbi la mtaa wa Mwanga lilikuwa linampiga usoni.

"Mwanangu, nilimsafisha Asia kwa ukweli. Unaniambia nimpake uongo, hata mwaka haujafika?"

"Ni uongo mdogo."

"Kwa aliye hai ni mdogo. Yeye hana nafasi ya kuufuta."

Iddi akasema bila kutoa macho barabarani, "Na mama akifa kwa ukweli wako, babu, huo nao nani ataufuta?"

Nyuma, Mwanakombo alianza kukohoa, kikohozi kifupi kikavu ambacho watoto wake wote wawili walikijua, na walikiogopa kuliko radi.

*

Saa ya ukutani kwenye famasi ilikuwa inakaribia saa saba. Erasto alikuwa ameshashusha nusu ya mlango. Aliposikia bajaji akaupandisha.

Mwanakombo aliingia kwa miguu yake. Alikataa kubebwa. Foleni ikapasuka katikati, na jamaa wa kofia ya mpira, aliyekuwa bado anasubiri vidonge vyake, akarudi nyuma mpaka akagonga mzani.

"Shikamoo, mama," alisema Erasto.

"Marahaba... mwanangu." Akaweka kitambulisho juu ya kaunta. "Marehemu... anataka... pampu yake."

Mtu mmoja alicheka, akaona wenzake hawacheki, akanyamaza.

Erasto alifanya jambo ambalo Hasna hakulitarajia. Alikwenda kwenye kabati, akatoa boksi la pampu ya kijani, akaliweka kwenye kaunta katikati yao. Lakini mkono wake ukabaki juu yake.

"Mashine ikifungua tu," alisema, "linakuwa lako."

Akapiga simu, akaiweka kwenye spika. Muziki ukapigwa, ule wa kusubirisha watu, mwepesi, wa harusi. Mwanakombo alikuwa ameegemea kaunta kwa viwiko. Kucha zake zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya zambarau iliyochoka.

"Habari za mchana, unaongea na Melania, huduma kwa mgonjwa, nikusaidie nini?"

Sauti ilikuwa tamu, kama ya msoma taarifa. Mzee Mwinshehe aliitambua, akashtuka.

Erasto akaeleza. Melania akauliza jina. Mwanakombo akalitaja vipande vipande. Akauliza namba ya kitambulisho. Erasto akaisoma. Akauliza jina la mama mzazi. Mwanakombo akasema, "Hasna... kama huyu wangu."

"Asante, mama. Tunaomba radhi sana kwa usumbufu. Sasa naomba niongee na aliyetoa taarifa. Yupo?"

"Nipo, binti," alisema mzee.

"Mzee, ni wewe uliyetupigia ukasema mwenye kadi amefariki?"

"Ni mimi."

"Na sasa unathibitisha kwamba yuko hai?"

"Yuko hai. Nipo naye hapa. Nilikosea."

Hasna alifumba macho. Iddi aliushika mkono wa dada yake mpaka mifupa ikalia. Kwenye kioo cha Erasto ule mstari mwekundu ulitetemeka, ukawa wa njano: INASUBIRI UTHIBITISHO. Kidole cha Erasto kilisogea pembeni mwa boksi.

"Asante, mzee. Nimalizie tu taarifa yangu," alisema Melania, na vidole vyake vikasikika vikigonga kwenye vitufe. "Hapa siku ile niliandika kwamba ulikuwa unalia. Ulisema umemzika mwenyewe kwa mikono yako. Naona pia pampu tatu kila mwezi, na moja ni ya dozi ya mtoto. Sasa nisaidie, mzee. Kama mama Mwanakombo yuko hai, aliyefariki ni nani?"

Feni pekee ndiyo iliyoendelea kuongea.

Mzee Mwinshehe alimtazama Hasna. Akamtazama Fébronie, aliyekuwa amemkumbatia Ella na kumfunika uso kwa kitenge kana kwamba simu ina macho.

"Mzee?"

"Binti yangu..." alianza.

Mwanakombo akanyoosha mkono kuichukua ile simu. Alitaka kusema mwenyewe. Uongo au ukweli, hakuna aliyewahi kujua, kwa sababu mkono uliishia njiani. Viwiko vikateleza kwenye kaunta. Boksi la kijani likaanguka upande mmoja, na Mwanakombo upande mwingine.

"Mama!"

Alikuwa sakafuni, mdomo wazi, kifua kimeinuka na kimekataa kushuka. Hakukuwa na filimbi tena. Filimbi ingekuwa habari njema.

"Gari! Leteni gari!" Iddi alikuwa anapiga kelele, akasahau kwamba bajaji ni yake. Akakumbuka, akakimbia kuiwasha. Erasto aliruka kaunta, miwani ikaruka kivyake.

Lakini aliyefika kwanza alikuwa mdogo kuliko wote. Ella alikuwa ametoka kwenye kitenge cha mama yake. Alipiga magoti kichwani kwa Mwanakombo, akaweka mdomo wa chupa yake kwenye mdomo wa bibi yule, kama alivyokuwa akiwekewa yeye kila usiku.

"Mama, bonyeza," alimwambia Fébronie.

Fébronie alibonyeza. Ukungu mweupe ukajaa ndani ya chupa, ukakaa, haukwenda popote.

"Vuta, bibi," alisema Ella. "Taratibu. Usiogope."

Ukungu haukusogea.

"Mana yanje," Fébronie alimnong'oneza Mungu wake kwa Kirundi, akabonyeza tena. Hasna aliyaona macho yake yakienda nyuma ya pampu ile ya bluu, kwenye kijidirisha, na akajua kabla hajaambiwa: ilikuwa ya mwisho. Ya mtoto nayo ilikuwa imeisha.

Juu ya kaunta simu ilikuwa bado wazi. Saa ya ukutani iligonga saa saba.

"Halo? Mzee, bado nipo hewani," ilisema ile sauti tamu. "Nafunga sasa hivi. Nijibu tu nijue niandike nini. Aliyefariki ni nani?"

Mzee Mwinshehe alimtazama Mwanakombo aliyelala miguuni pake. Akautazama ule ukungu mweupe ndani ya chupa, uliosimama tuli. Machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu.

Kisha akaishika simu kwa mikono miwili, akaileta mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, alijua atakachosema. Ni nini, msomaji, utakisoma Jumamosi ijayo.